Papa Anasema Nitarudishwa Mat-Fiziki

Mama Olga mpendwa wa kipindi chetu cha jioni ku redio, jambo sana. Naomba unisaidie kabla kichwa hakijapasuka, juu mi sijue tena nani iko anasema kweli. Niko binti wa miaka kumi na tisa, naishi ku kambi ya bakimbizi ya Dzaleka na papa na badogo bangu babili, nilimaliza sekondari hapa Malawi na nikapita muzuri, na sasa nataka kuomba nafasi ku chuo kikuu kimoja cha Lilongwe, kozi yenye banaita hesabu na fizikia kwa pamoja, na maombi yanafungwa Ijumaa hii, na banakubali mutu achague kozi moja tu.

Shida njo hii. Papa yangu, Zihindula, iko fundi cherehani, na wakati alikuwa kijana kule Bukavu, mbele ya vita, alisoma sekondari mu sehemu ya mat-fiziki, ni kusema hesabu na fizikia, kama vile bantu ba kwetu banasomaka. Sasa nilipomwambia, "Papa, naomba mat-fiziki," alitoa miwani, akaniangalia, akasema, "Orpa, we ulishamaliza sekondari, juu ya nini banakurudisha sekondari tena?" Nikamueleza kama hii ni ya chuo kikuu, akasema hapana, mat-fiziki ni ya batoto ba sekondari, yeye aliimaliza, hawezi kudanganywa, ku chuo kikuu mutu anasomaka udaktari, sheria ao uuguzi. Kesho yake akapeleka mambo ku kikundi cha maombi cha kanisa, ati baniombee kwa Mungu, na sasa bamama ba kwaya bakinikuta ku bomba la maji banasema, "Pole, mwanangu, uliangukia somo gani?" Mi sikuanguka! Nilikuwa wa kwanza mu darasa! Aibu hiyo, Mama Olga, mpaka nasikia kulia.

Na haiko papa peke yake. Vainqueur, mwenye tulisoma naye, anasema kozi ya pamoja ni digrii mbili, nitasoma miaka nane mpaka nizeeke, na Gabriella, rafiki yangu wa Area 18 kule Lilongwe, anasema hapana, ni nusu-nusu, sitajua hesabu muzuri wala fizikia muzuri. Papa anataka niandike uuguzi, nikamukubalia, juu nikikataa analala bila kula. Mwalimu wangu wa fizikia anataka niandike ile ingine, naye nikamukubalia. Ku simu nimeandika uuguzi, nikafuta, nikaandika hesabu na fizikia, nikafuta. Jana papa akaniambia, "Mi nilikuwa wa kwanza mu mat-fiziki, na ona, nashona magauni ya bantu." Sikumujibu. Sasa niandike nini? Zikomo sana.

Mi, Orpa

Orpa, kaa chini kwanza, unywe maji.

Tuanze na hizo porojo. Kozi ya pamoja ni digrii moja. Unaomba mara moja, unasoma masomo yote mawili, unapata cheti kimoja. Vainqueur si ofisi ya chuo, na Gabriella pia si ofisi ya chuo. Miaka mingapi, masomo gani, waulize wenyewe chuoni. Jamani, mtoto wa kwanza darasani anachukua habari kwa kila anayepita!

Sasa papa yako. Nimecheka, sitaficha, maana mume wangu naye angesema vile vile. Kwetu mat-fiziki ilikuwa ya sekondari, na aliyeimaliza alitembea kifua mbele. Lakini papa yako si mjinga. Ulimweleza, akakuelewa, ila sikia alichokwambia jana. Alikuwa wa kwanza, vita vikamkuta, leo anashona. Haogopi utarudishwa sekondari. Anaogopa utaishia pale alipoishia yeye. Na wewe ukanyamaza! Hapo umekosa, mwanangu. Na kuwakubalia watu wawili mambo mawili si upole, ni woga tu.

Fanya hivi. Kesho mwombe kibali cha kutoka kambini, wewe na papa, mwende Lilongwe mpaka chuoni, kwa walimu wa kozi yenyewe. Papa aulize kwa mdomo wake: waliotoka hapa wanafanya kazi gani? Wewe funga mdomo, umwache aulize mpaka achoke. Kibali kikikosekana, mwite mwalimu wako wa fizikia nyumbani, akae na papa. Hao wawili wakianza mambo ya hesabu, hata chakula watasahau. Na ile habari ya kikundi cha maombi, papa aliyeipeleka ndiye airekebishe, mbele ya wale wale bamama.

Akikataa bado? Ijumaa asubuhi umwambie usoni, kwa heshima, bila kumficha, kwamba umechagua hesabu na fizikia. Atanuna. Mpikie, akae na hasira yake, atakula. Uuguzi ni kazi nzuri sana, ila mgonjwa anastahili muuguzi aliyeitaka kazi hiyo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeogopa papa, umeogopa bamama ba kwaya, umeogopa miaka, umeogopa nusu-nusu. Hakuna mahali hata pamoja, Orpa, ulipoogopa kwamba masomo hayo yatakushinda. Tuma.