Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 2 Juni 2025

Orodha imetoka. Klabu ya Korongo, ya mpira wa kikapu wa wanawake, imetimiza miaka ishirini na tano, imechagua wachezaji wake kumi na wawili bora tangu ianze. Jumamosi ya tarehe 21 namba zao zitapandishwa darini uwanjani, zining'inie huko milele.

Mama hayumo.

Nimesoma mara tatu, mwanangu Odessa begani. Verlene Pettaway, aliyerukia mpira wa kwanza kabisa wa klabu hii. Hakuna aliyewahi kunyakua ribaundi, mipira inayokosa kikapu, nyingi kama yeye hapa Toledo. Hayumo. Coralee Stubbs yumo. Nampenda shangazi Coralee, mwenzake mama wa timu, ndiye aliyenifundisha baiskeli. Lakini roho imeniuma.

Mama alipita baada ya kupaki basi la shule analoendesha. Akaosha chupa zote za Odessa, hata zilizo safi. Nikamwuliza kama ameona orodha.

"Nimeona. Una sabuni nyingine?"

Jumanne, 3 Juni

Nimepiga simu klabuni saa ya mapumziko, nimejifungia stoo ya mashuka kule makao ya wazee ninakofanya kazi. Akapokea binti anaitwa Brynn, mwenye sauti ya kutabasamu. Kanuni, akasema. Lazima misimu mitano mfululizo. Mama anayo mitano lakini imekatika: 2000 na 2001, halafu 2003 mpaka 2005.

Nikamwambia 2002 aliumia goti. Mwaka wa jeraha hauhesabiwi kuwa umekatiza misimu — kanuni yao wenyewe inasema, nimeisoma.

Nikasikia anapekua karatasi.

"Dada, hapa hakuna goti. Imeandikwa mkataba haukuendelezwa. Sababu, ujauzito."

Mimi nimezaliwa Agosti 2002.

Sikumbuki nilivyoaga. Nilikaa juu ya mashuka mpaka msimamizi akagonga mlango.

Jumatano, 4 Juni

Goti. Kila baridi, tangu nina miaka mitano, nimelichua goti lile kwa dawa inayonuka kafuri. Nilimwombea kabla ya kulala. Mungu, ponya goti la mama arudi kuwa nyota.

Odessa ana jino linatoka. Hatukulala.

Jumapili, 8 Juni

Nimemwuliza leo, tukila makaroni baada ya kanisa. Hakukana. Aliweka uma chini, akasimulia kama mtu anayesoma bei za dukani.

Alimwambia kocha kwamba ana mimba, kwenye maegesho, mwezi wa pili. Kocha akampongeza. Akamkumbatia kabisa. Barua ya kumwachisha ikaja siku ya tisa. Mwaka uliofuata akarudi kuomba nafasi, na walimchukua kwa sababu walikuwa wanafungwa kila wiki. Akakuta namba 14 yake iko mgongoni kwa Coralee. Yeye akapewa 31.

"Na goti?"

"Goti linauma kweli. Ila halikuanza wakati ule."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nikuambie nini, Jonetta? Nikuambie ungali mtoto, maliza mboga zako, halafu ujue wewe ndiye uliyenitoa uwanjani?" Akamchukua Odessa mikononi mwangu. "Usijitwishe. Sikutolewa na mtoto. Nilitolewa na watu wazima wenye kalamu."

Nimeosha vyombo mimi. Sikutaka anione.

Jumatano, 11 Juni

Brynn amepiga mwenyewe. Ana furaha. Wameketi wakaona simulizi ya mama inagusa, basi wametafuta njia ya kumheshimu. Uwanjani kuna chumba kipya cha akina mama cha kunyonyeshea. Wanataka kukiita kwa jina lake. Kibao cha shaba mlangoni.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwomba arudie, akarudia, polepole, kama vile mimi ndiye mgumu wa kuelewa.

Walimfukuza kwa sababu ya mimba. Sasa zawadi yake ni chumba cha maziwa!

Nikamwambia hapana, asante. Nilipomsimulia mama alicheka mpaka akashika kaunta. Halafu hakucheka tena jioni nzima.

Alhamisi, 12 Juni

Shangazi Coralee amekuja na kuku wa kukaanga. Nilijua kuna jambo, maana alileta na pai.

Hapa Korongo mchezaji havuti namba yake mwenyewe. Ni mila yao. Humteua mtu mmoja amvutie kamba, na kitambaa chenye namba hupanda kwa mikono ya huyo, polepole, watu wote wamesimama. Coralee amemteua mama.

"Uliniachia nafasi, Verlene. Sijasahau."

"Sikukuachia. Ulipewa."

"Haya. Nilipewa." Coralee alikuwa anakata pai vipande vidogovidogo, hakuna anayekula. "Ningekataa, ungerudishiwa?"

"Tungejua kama ungekataa."

Nilingoja mama amfukuze. Badala yake akamwuliza saa ngapi anatakiwa afike.

Coralee alipoondoka nilimwambia mama usiende. Nikasema ni namba yako, watakutumia kupandisha namba yako mwenyewe kwa jina la mtu mwingine, na watu watakupigia makofi kwa kukubali. Nilipaza sauti, Odessa akalia.

"Mbembeleze mwanao," akaniambia. "Kamba yangu niachie mimi."

Ijumaa, 20 Juni

Kesho. Mama amenyoosha suruali nyeusi mara mbili. Hajapaka dawa gotini wiki nzima.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika humu humu, kwenye chumba cha kunyonyeshea. Odessa alianza kulia namba ya tisa ilipopandishwa, mama mmoja mlinzi akanielekeza huku chini. Viti laini, sinki, runinga ukutani isiyo na sauti.

Na mlangoni, kibao. Verlene Pettaway, mchezaji na mama. Tulikataa. Wamekiweka tu.

Odessa amelala kifuani, nami nimesimama kwenye mlango wazi. Nina sarafu ya senti kumi, inaingia sawasawa kwenye skrubu za kibao. Ni nne. Moja imetoka.

Kwenye runinga ni zamu ya Coralee. Amevaa vizuri, amependeza, siwezi kumnyima hilo. Mama anaonekana mrefu kuliko wote waliosimama pale. Wamemkabidhi kamba. Anavuta mkono baada ya mkono, kama anavyovuta breki ya basi, bila haraka. Kitambaa kinapanda. 14. Chini yake Stubbs.

Skrubu ya pili na ya tatu zimetoka. Kibao kinaning'inia upande.

Kitambaa kimesimama.

Nilidhani kimenasa. Hapana. Kamera imemsogelea mama, mikono imetulia kwenye kamba, anatazama juu. Kelele za huko juu zilizokuwa zinatikisa sinki zimekatika. Mtangazaji anafungua mdomo, anaufunga. Namba iko katikati, si juu si chini, maelfu ya watu wamesimama, makofi yameishia mikononi.

Brynn, nadhani ndiye, anakuja mbio na karatasi zake. Coralee amemwinulia mkono asimame hapo hapo. Anamwendea mama. Anamwambia kitu sikioni. Mama hamtazami.

Sasa Coralee naye ameishika kamba. Wote wawili wameishika, bega kwa bega, na mimi kutoka hapa siwezi kuona nani anavuta na nani anazuia.