Kuweka Linux Bila Wewe

Mpendwa mke wangu, mama Neema,

Leo nimeshinda kwenye chumba chako cha kompyuta. Tangu tukuzike kule Kawetele kilikuwa kimefungwa. Wiki iliyopita mkuu wa shule aliniita akasema, kwa upole kabisa, "Mwalimu, zile mashine zisipokuwa tayari shule ikifunguliwa, chumba tutakifanya stoo ya mahindi." Nikamwambia nitajaribu. Mimi mwalimu wa historia, unanijua.

Unakumbuka tulivyokwenda Matwebe kuwawekea Linux, ile programu ya kuendeshea kompyuta, kwenye shule ya kanisa? Mvua haikukatika. Ulikaa nyuma ya bodaboda umeipakata mashine, umeifunika kwa kanga yako, mwenyewe umelowa chapachapa. Mimi nilifuata kwa pikipiki nyingine na mfuko wa nyaya. Tulipofika mtandao ukagoma, mchungaji akaanza kuomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Ukaniambia taratibu, "Baba Neema, tusiguse vitu viwili kwa wakati mmoja. Kwanza, kadi ya mtandao inaonekana? Ina anwani? Ruta, hiki kisanduku kinacholeta mtandao, inaitika?" Ilipokubali, mchungaji alikushika mikono yote miwili, akakushukuru kwa lugha ya kwao: "Ndaga fijo, mwalimu." Ulitabasamu njia nzima hadi Tukuyu.

Leo nimeanza hivyo hivyo. Kadi ya waifai haikuonekana kabisa. Programu ilitaka draiva, yaani kiprogramu cha kuiamsha hiyo kadi, na draiva iko mtandaoni, huko huko nilikoshindwa kufika. Nikachomeka waya. Taa ikawaka, ila mashine haikupewa anwani. Nikaiandika kwa mkono, nikaandika na ya ruta. Palipoulizwa seva ya majina nikapaacha wazi, maana sikujua ni nini. Ikaenda kidogo, kisha ikakwama: tovuti ya kupakulia haipatikani.

Nikarudia tangu mwanzo, ikakwama pale pale. Nikalaza kichwa mezani. Kwa kweli kuna wakati nilitamani ishindikane tu, waweke mahindi yao, niache kupita pale mlangoni nikitegea kusikia sauti yako ndani.

Baadaye nikainuka, nikaiita ruta. Ikaitika. Nikaita mashine ya mbali kwa namba yake, nayo ikaitika. Nikaiita ile tovuti kwa jina, kimya. Hapo nikakumbuka mchungaji alivyokuuliza kwa nini namba inafika na jina halifiki. Ulimjibu, "Ni kama kumjua mtu jina bila kujua anakokaa. Lazima awepo wa kukuelekeza." Nikarudi pale nilipopaacha wazi, nikaandika anwani ya ruta. Mafaili yakaanza kushuka.

"Imekubali," nikasema kwa sauti, nikageuka. Viti vilikuwa vimepangwa juu ya meza.

Sikupata furaha niliyoitegemea. Nilikaa nikitazama majina ya mafaili yakipita mpaka mlinzi akaja kuuliza kama yeye ndiye atakayefunga mlango. Mashine nyingine bado, na muhula umekaribia. Nimechoka, mama Neema, uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Neema amepiga simu kutoka Mbeya, akaniuliza kama nimekula. Nimemwambia nimekula. Ngoja nikabandike ndizi, isije ikawa nimemdanganya mwanao.

Pumzika, mke wangu.

Mumeo,
Baba Neema