Kaniki Iliyomfunika Idrisa Ni Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo kidogo cha Polisi Nambunga, Mtwara
Tarehe: 16 Oktoba 2024, saa 2:40 asubuhi
Jina: Somoe binti Mohamedi Nankuta
Umri: Hana cheti. Anakadiria miaka 73
Kazi: Mkulima wa korosho na mihogo. Pia ni nyakanga na mkunga wa jadi
Dini: Muislamu
Elimu: Hakusoma
Makazi: Nambunga, mtaa wa juu
Yanahusu: Ajali ya lori na kifo cha Idrisa Selemani Chilumba, miaka 31

Mimi ndiye mwenye jina hilo. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Andika hivyo, mwanangu Gaudensi, kwamba sikuitwa. Na uandike kama ninavyosema, usininyooshee maneno. Miaka yangu kamili siijui. Mama aliniambia nilizaliwa mwaka ambao nguruwe pori walimaliza mihogo yote ya Nambunga, basi wewe utafute huo mwaka kwenye vitabu vyenu. Kazi yangu ni shamba, na ni mimi ninayewafunda wali wa kijiji hiki wakiingia unyago. Mkeo angekuwa wa huku ningemfunda mimi, usingekuwa umekonda hivyo.

Haya, naanza. Lazima nianzie nyuma kidogo, ukinikata sitamaliza.

Mwezi wa nane, siku ya Jumatano, baada ya sala ya alasiri, nesi Neema alituita zahanati. Neema ni mtu wa bara, ana miaka miwili hapa. Tulikwenda wanawake wengi, na wanaume wachache wasio na kazi, pamoja na mwalimu Isaya. Neema alisema magari ya kwenda mitambo ya gesi Madimba yamekuwa mengi, hospitali iko mjini, na gari la wagonjwa ni moja. Alisema, "Siku gari likipinduka hapa, watakaofika kwanza ni nyie. Mimi ni mmoja, nina mikono miwili." Akatufundisha kwamba anayepiga kelele ana pumzi, mwache apige, nenda kwa aliyenyamaza. Rukia, mama yake Idrisa, akasema, "Basi mume wangu ataishi milele." Tulicheka sana.

Kisha akatoa vitambaa. Chekundu anafungwa mtu asiyeweza kungoja, huyo apande gari la kwanza. Cha njano anaweza kungoja kidogo. Cha kijani anatembea mwenyewe, akae pembeni. Wakati anatia mkono mfukoni atoe cha nne, yakaanza manyunyu, manyunyu yasiyo na msimu. Nilikuwa nimeanika makopa ya mihogo juu ya jamvi, magunia mawili. Makopa yakilowa yanaota ukungu, unga wake mchungu, hata mbwa hali. Nikainuka nikakimbia. Kitambaa cha nne sikukiona, na kilichosemwa juu yake sikukisikia.

Hapo ndipo penyewe, andika vizuri. Mimi ni nyakanga. Mwali akitoka ndani somo likiwa nusu, naanza naye upya hata kama kumekucha. Nimewachapa watoto wa watu kwa kosa hilo. Na mimi nililifanya.

Mnamo tarehe 12 Oktoba, siku ya Jumamosi, nilikuwa shambani kwangu, karibu na kona ya barabara, naokota korosho. Nilikuwa na Husna, mke wa mwanangu Yusufu. Saa ninazozitaja ni za simu yake, mie saa sina. Nilivaa gauni, na juu yake kaniki, kwa sababu maji ya mabibo yakiingia kwenye nguo hayatoki, lakini kwenye kaniki hayaonekani, ni nyeusi tangu dukani.

Saa nne na nusu tulisikia kishindo. Si kama radi, ni kama mtu kamwaga mabati. Tukakimbia. Lori aina ya fuso lilikuwa limelala ubavu mtaroni. Lilibeba watu wa harusi, waliovaa sare, wanakwenda kumchukua bibi harusi. Wamesema walikuwa thelathini na saba. Mie sikuhesabu. Niliona viatu vingi, nikashangaa viatu vinavyotoka miguuni kirahisi.

Watu wa kijiji walishafika na kila mtu anafanya lake. Wanaume wawili wanamvuta mwanamke kwa mikono kama gunia. Pikapu moja ilikuwa imesimama, wamepakia waliokuwa wanapiga kelele. Kiti cha mbele alikaa utingo wa lori, amevunjika kidole, analia, "Nakufa! Nakufa jamani!"

Neema alikuja na pikipiki, na begi lake. Alipaza sauti, hakuna aliyemsikia. Akaniona. Akasema, "Bibi Somoe, mimi nitachagua watu. Wewe nisukumie hawa wengine watoke njiani."

Nilipiga mlio wa unyago. Mlio wenyewe siutamki hapa, wewe ni mwanamume. Lakini mwanamke wa Nambunga akiusikia, hata kama ana chungu jikoni, anakiacha. Walikuja wote. Nikawaambia: hawa wafunge kanga kwenye mikorosho tupate kivuli, hawa maji, hawa wakalete vitanda vya kamba majumbani, na mtu asimvute mtu tena kwa mikono. Wanaume nikawapanga wanne wanne, kila wanne na kitanda chao, Isaya akawa msimamizi wa kubeba. Halafu nikaenda kwa utingo. Nikamwambia, "Shuka." Akasema, "Bibi, nakufa." Nikamwambia, "Ukifa utanyamaza. Sasa hivi unatuziba masikio tu, shuka." Akashuka. Kwenye kile kiti akakaa mama mmoja aliyekuwa hasemi kitu, kitambaa chekundu mkononi. Yule mama yuko hai, jana nimesikia amekunywa uji.

Nasema haya si kwa kujisifu. Nataka ujue kwamba kazi ya Neema ilikuwa inakwenda. Alikuwa anapita mtu kwa mtu, anainama, anasikiliza pumzi, anafunga kitambaa, anainuka. Hakuuliza huyu wa dini gani, huyu wa nani. Pikapu iliondoka na wekundu wanne.

Idrisa, naye alikuwa kwenye lori lile, alilala peke yake chini ya mkorosho ulio karibu na barabara. Hakuwa na jeraha la kuonekana. Neema alimgusa tumbo, lilikuwa limekaza kama ngoma. Akamfunga kitambaa chekundu mkono wa kulia, akasema, "Huyu gari linalokuja, wa kwanza." Nilisikia kwa masikio yangu na nilikiona kitambaa. Akaitwa upande wa pili, mwanamke anamwaga damu pajani, akaenda kumkandamiza pale na hakuweza kuondoa mkono.

Nilibaki na Idrisa. Yule mtoto nilimpokea mimi siku anazaliwa, kwenye nyumba ya bibi yake. Aliniambia, "Nyakanga, baridi." Jua lilikuwa kali, mie natoka jasho, yeye anatetemeka meno. Nikavua kaniki yangu nikamfunika. Nilimfunika vizuri, kutoka miguuni mpaka kidevuni, mikono nikaiingiza ndani ipate joto. Nikamwambia, "Gari linakuja, baba." Akafumba macho.

Husna akanikimbilia, akasema kuna mama mjamzito, chupa imepasuka. Ilikuwa saa tano na dakika tano. Nikaenda kule, huo ndio ukunga wangu, mwingine hakuwepo.

Saa tano na dakika ishirini pikapu nyingine ilifika, na gari la wagonjwa nyuma yake. Isaya na vijana wakabeba. Walipofika kwa Idrisa, kijana mmoja akauliza, "Na huyu?" Isaya akasema, "Huyo tayari. Amefunikwa nyeusi." Wakampita. Maneno haya Isaya mwenyewe ameniambia, na analia akiyasema. Kile kitambaa cha nne, kumbe, kilikuwa cheusi, na maana yake ni kwamba mtu amekwisha, abebwe mwisho. Isaya alikaa kwenye somo mpaka likaisha. Mie nilitoka nusu. Ndipo tulipopishana. Isaya asilaumiwe, alifanya alichofundishwa. Kitambaa chekundu kilikuwepo, lakini kilikuwa ndani ya kaniki yangu, na mimi ndiye niliyeingiza ule mkono.

Saa sita na dakika kumi Rukia alifika kutoka shamba la mbali. Aliona weusi ule akaanguka juu yake, akafunua amuage mwanawe. Idrisa akafumbua macho. Rukia alipiga ukelele ambao bado ninao kichwani. Neema alikuja mbio, mikono yake yote damu, akatoa mkono wa Idrisa akaona kitambaa alichokifunga yeye. Akauliza kwa sauti, "Nani kamfunika huyu?"

Nilikuwa nimesharudi kutoka kwa yule mama mjamzito, niko hapo, umbali kama kutoka hapa hadi mlango wako. Nilisikia. Nilinyamaza.

Walimpakia. Alifariki njiani, kabla ya kuingia mjini, saa sita na dakika hamsini. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mie sisemi angepona, hilo ni la Mungu na madaktari. Ninachosema ni kwamba angeondoka na gari la saa tano na dakika ishirini. Nguo ya kwanza kumgusa duniani ilikuwa yangu, na hii pia ilikuwa yangu.

Tulimzika siku ile ile jioni. Msibani nikaanza kusikia: nesi kamfunika mtu hai nguo ya maiti. Kesho yake yameongezeka: mtu wa bara, hana uchungu na watoto wetu, kachagua wa kuishi na wa kufa. Neema alisema hakumfunika, hakuna aliyemwamini. Jumatatu vijana waliziba mlango wa zahanati kwa magogo. Jana nimesikia amesimamishwa kazi, na nyie mmemwambia aripoti hapa kila siku asubuhi, na kwamba kesi inaweza kwenda mbele. Zahanati imefungwa. Mtoto wa jirani yangu ana degedege, kapelekwa mjini kwa bodaboda.

Usiku nilimwambia mwanangu Yusufu kwamba nakuja. Akasema, "Mama, kaa kimya. Kaniki zote nyeusi, hazina majina. Nani atajua ni yako?" Nikamwambia haina jina lakini ina fundo. Akasema, "Utafungwa na uzee wako wote." Nikamwambia nitapata wali wa kufunda huko ndani.

Leo alfajiri nilianza kwa Rukia. Nisingeweza kuja kwako kabla yake. Mimi ni somo wake, nimemfunda mwenyewe. Nilikaa chini mlangoni nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Aliingia ndani akaniletea maji, nikanywa. Kisha akasema, "Nenda ukaseme, somo. Lakini kwa sasa usipite hapa." Nimekubali.

Sasa lile fundo. Ile kaniki mmeichukua, najua, iko kwenye mfuko hapo kabatini. Mnadhani lile fundo la pembeni ni alama ya nesi. Mie nafunga vitu vyangu kwenye pindo la nguo tangu usichana. Fungueni. Ndani kuna ufunguo wa nyumba yangu, una kutu upande mmoja, na ugoro wangu kwenye kipande cha nailoni. Tangu Jumamosi sina ufunguo. Yusufu aling'oa komeo zima kwa nondo ili nilale ndani, na kufuli bado imejifunga kwenye komeo. Nimekuja nayo, hii hapa kwenye kikapu. Jaribuni nyie wenyewe.

Mkinifunga, nifungeni. Mkiniacha, nina kazi. Nitawaita wanawake wa Nambunga kwa ule mlio, na Neema atarudia somo lake tangu mwanzo, na mimi nitakaa mbele, na mvua itanyesha mpaka makopa yaote uyoga, siinuki. Halafu nitawaambia kaniki yangu ilifanya nini. Mwanamke hafundishwi nusu.

Nimemaliza. Nimeyasema mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha wala kunifundisha, nimesomewa yote nikasahihisha pale ulipoandika "sita" badala ya "tano". Ndiyo yangu.

Dole gumba la kulia la shahidi: (limewekwa)

MAELEZO YA MWANDISHI

Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, ameyakubali. Kwa ombi lake, na mbele ya mwalimu Isaya aliyekuwa kituoni kwa maelezo yake, nilitoa kielelezo: kaniki moja nyeusi. Nilifungua fundo kwenye pindo. Ndani nilikuta ufunguo mmoja wenye kutu upande mmoja na ugoro uliofungwa kwenye nailoni. Niliuingiza ufunguo kwenye kufuli aliyoileta shahidi. Kufuli imefunguka.

Nilimwambia shahidi anaweza kuchukua ugoro wake. Alikataa. Alisema vyote vikae pamoja na kaniki mpaka nesi Neema arudishiwe kazi yake, na kwamba mlango wake kwa sasa anauegeshea kinu.

Nesi Neema alifika kuripoti saa 4:00 asubuhi. Shahidi alikuwa bado amekaa kwenye benchi la nje, anamngoja.

Koplo Gaudensi
16 Oktoba 2024, saa 4:15 asubuhi