Kipande cha Njaa

Jumatatu, 6 Aprili 1981

Mvua tangu alfajiri. Nimeshuka bondeni na vibofu vya mpira wa miguu begani, kama kocha aliyekimbiwa na timu. Shambani nimepiga magoti kwenye kila debe lililopinduliwa juu ya udongo. Vuta hewa kwa sirinji, jaza kibofu, funga. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, nami leo nimeinama mpaka kiuno kimelia.

Kisha kupanda tena hadi kituo cha utafiti. Mashine ya kupimia gesi inadai hewa kavu. Kwanza hewa ipite kwenye chumvi ikaushwe, halafu kwenye chokaa iache ile gesi tunayoitoa puani. Ndipo iingie kwenye bomba lenye mwanga usioonekana. Kama kuna nitrasi oksaidi, gesi ya mbolea inayopotea, inameza sehemu ya mwanga na sindano inapanda. Ndiyo kazi yangu hiyo. Mama yangu kule Vuga anaamini natengeneza redio.

Alhamisi, 9 Aprili

Sindano imenichanganya.

Nina vipande viwili kwenye shamba la kijiji. Kimoja kiliwekwa mbolea ya chumvichumvi, yote siku moja, kama agizo la serikali linavyotaka. Cha pili, kando ya njia, sikukiwekea kitu. Hicho ni cha kulinganishia. Wanakijiji wanakiita kipande cha njaa, na mahindi yake kweli yalikuwa manjano, ya kutia huruma. Bila hicho siwezi kujua gesi ipi inatoka kwenye mbolea na ipi ni ya udongo wenyewe.

Leo sindano imepanda kwa vyote viwili. Karibu sawa. Haiwezekani.

Jumanne, 14 Aprili

Vilevile. Vyote viwili juu.

Bwana Mkuu wa kituo ameniita. Mashine inatakiwa Dar, lori litakuja kuichukua Jumamosi ya kwanza ya Mei. Amesema kwa upole, na upole wake ndio uliouma, kwamba pengine mashine hizi zinataka watu waliozizoea, na kwamba Bibi Shamba mzuri hana haja ya kuwa fundi. Nimejibu ndiyo bwana. Nimetoka na hasira.

Nikishindwa, agizo litabaki lilivyo. Mbolea yote siku moja, ndani ya tope la masika. Mwaka huu lori la mbolea lilikwama Soni kwa utelezi, wanawake wakayabeba yale magunia vichwani mpaka bondeni. Mimi nasema sehemu ya mzigo ule inapaa hewani mvua ikishanyesha. Lakini kusema si kuonyesha.

Mashine haiondoki kabla sijaonyesha.

Ijumaa Kuu, 17 Aprili

Sikwenda kanisani. Mungu anisamehe, Mchungaji sidhani.

Nimebadilisha chumvi. Nimebadilisha chokaa. Nimefuta vioo vya bomba kwa kitambaa cha kanga yangu ya zamani. Petroli ya jenereta ni ya mgawo, nimeitumia bila kuuliza mtu. Halafu nimejaza vibofu hewa ya msituni, juu kabisa, mbali na mashamba. Sindano ikakaa chini, kimya, pale pale panapotakiwa.

Basi mashine ni nzima. Mikono yangu nayo ni mizima. Kuna jambo kule shambani.

Jumatano, 22 Aprili

Nimelijua.

Jana nilikitazama kipande cha njaa kwa macho badala ya sindano. Kimekuwa kijani. Kijani cha kushiba! Nimechimbua kwa kidole kwenye mashina. Samadi. Imefukiwa vizuri, kwa adabu, hata kando ya madebe yangu.

Leo nimewahi njiani. Akaja Mama Zaina, jirani wa shamba, kikapu cha samadi kichwani, anaelekea kwenye migomba yake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akateremsha kikapu, akachota konzi mbili, akaziweka kwenye shina la mhindi wangu huku akiniuliza habari za nyumbani. Hakuficha kitu. Kwake ilikuwa sehemu ya salamu.

Nikamuuliza kwa nini.

"Mwanangu, shamba lako linakufa njaa kando ya njia, wewe unalifunika madebe tu. Na mume huna wa kukusaidia. Sisi tupite na samadi kichwani, tuangalie?"

Si yeye peke yake. Ni wote wapitao njia ile asubuhi, waendao kanisani na waendao msikitini. Hapa huwezi kulipita shamba la mtu aliyeelemewa bila kumpunguzia kazi, hata kama ni kwa kung'oa gugu moja. Mimi mtoto wa Vuga, nimelelewa hivyo hivyo. Nikaenda kuweka shamba lenye njaa kando ya njia kuu!

Nimekasirika. Nimeketi kwenye tuta nikacheka. Halafu nimelia kidogo, kwa sababu kutoa ni moyo, na mioyo ile imeniharibia mwezi mzima.

Ijumaa, 24 Aprili

Mkutano wa kijiji, baada ya swala. Mwenyekiti amenipa nafasi mwishoni, watu wameshachoka.

Mwisho wa shamba, penye magugu mwitu, gunia la mbolea liliishia kabla ya kufika. Mahindi yapo, lakini pale hapajaguswa. Nimeomba nipagawanye mara mbili. Upande mmoja nitaweka mbolea sasa hivi, upande wa pili uachwe ulivyo. Nimeomba watu wauonee huruma kwa mbali.

Wanawake walinong'onezana kwa Kishambaa. Mmoja akauliza upande ule una kosa gani. Nikajibu hauna kosa, unatoa ushahidi. Mama Zaina akasimama, akasema atapalinda yeye, ingawa roho itamuuma. Nimempenda mama yule kuliko mashine.

Jumatatu, 27 Aprili

Mbolea imewekwa. Madebe yamehamishwa. Hakuna mvua. Jua kali, la kukera. Siku nyingine zote ilinyesha.

Alhamisi, 30 Aprili

Imenyesha juzi usiku, jana kutwa, na leo.

Upande wenye njaa, sindano chini. Upande wenye mbolea, sindano imepanda hadi nikadhani imekwama. Nimerudia. Nimeshuka tena bondeni, nimejaza upya, nimepanda. Vilevile. Nimepima na kile kipande cha samadi kando ya njia, nacho kiko juu.

Nimemwita Bwana Mkuu. Ameketi kwenye kiti changu, akataka nirudie mbele yake. Nimerudia. Mwisho akasema msimu ujao kijiji hiki kitaweka mbolea yake kwa awamu, na barua ya kuomba hivyo ataiandika yeye mwenyewe.

Sikumshukuru. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na haki.

Jumamosi, 2 Mei

Lori limekuja. Mashine imeviringishwa mablanketi ya kituo, ikateremka kuelekea Mombo. Nimeuma meno. Chumba kimebaki na alama nne za miguu yake sakafuni, na vibofu.

Vibofu nimewapa watoto wa shule.

Jumamosi, 6 Juni

Ukungu. Baridi ya kweli sasa.

Nimeazima kikapu cha Mama Zaina na kukijaza samadi kwenye banda lake la ng'ombe. Hakuuliza ni cha nini. Tumeshuka pamoja mpaka mwisho wa shamba. Mahindi ya upande wenye njaa ni mafupi, yananifika kiunoni, na mbelewele zimeshachanua kileleni. Samadi haitayasaidia tena, hilo nalijua vizuri kuliko mtu yeyote wilayani.

Nimeweka shina kwa shina. Yeye alianzia mwisho wa pili wa mstari.