Mshipa wa Mkono wa Kushoto

Manundu, Korogwe
9 Septemba 1955

Kaka yangu Salimu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Chanika, Handeni, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi cha bibi kimempungukia. Sisi huku hatujambo. Shangazi Hamisa anakusalimu sana na anauliza utakuja lini kumwona, maana anasema Handeni si Ulaya. Mvua bado, na mimi nimekwisha toka hospitali.

Najua umekasirika. Mzee Mhina, mshenga wetu, amenieleza maneno yako: kwamba Mdoe aliposikia nimelazwa aliirudisha nyuma posa yake, kwamba mwanamume anayekimbia mgonjwa si mume, na kwamba hata akija kwa magoti hutamwozesha. Baba hayupo, wewe ndiye walii wangu, ukikataa hakuna ndoa. Nakuomba basi uisome barua hii yote kabla hujakata neno. Nakujua, ukikasirika husomi, unarukaruka.

Nianze na afya. Nilikuwa napasua kuni za maandazi ya shangazi, shoka likateleza kwenye fundo la gogo likanipata mguuni. Shangazi alinifunga kwa kanga, majirani wakanibeba juu ya kitanda. Nakumbuka kitanda kikipanda na kushuka, baada ya hapo sikumbuki kitu. Nilipozinduka nilikuta sindano kwenye mkono wa kushoto na chupa inaning'inia juu yangu. Bernardo, dresa wa hospitali anayefunga vidonda, alinieleza kuwa nilitiwa maji ya chumvi, kisha nikatiwa damu, kwa sababu yangu nyingi ilibaki uani kwa shangazi.

Kidonda kimefunga vizuri, natembea, nachechemea kidogo tu. Taabu ni mkono. Sindano ilipotolewa nilidhani yamekwisha, kumbe mshipa ilimopita sindano ukawa mgumu kama kamba ya katani, mwekundu, wa moto. Nikikanda unga unauma, nikikamua nguo unauma. Nikarudi hospitali. Bernardo aliubonyeza kwa kidole akasema mshipa umeumizwa na sindano na yaliyopita ndani yake, unapona polepole, wala nisiogope. Nikande kwa kitambaa cha maji ya moto, niuegemeze mkono juu ya mto, nisiusugue, na mkono ukivimba wote au homa ikinishika nirudi upesi. Nimefanya hivyo. Wekundu umeondoka, siku hizi unauma nikinyanyua debe la maji tu.

Lakini watu wetu unawajua. Shangazi anasema hiyo ni damu ya watu inakataa kukaa. Bibi naye ameagiza nichanjwe kwa wembe pale penye ugumu ili itoke. Mwambie kwa heshima kwamba nashukuru, ila damu niliyomwaga mwaka huu inatosha. Hata kuku akichinjwa natazama pembeni.

Sasa nije kwenye lenyewe, maana mficha uchi hazai. Nilimwuliza Bernardo damu ile ilikuwa ya nani. Alizunguka sana, mwisho akasema. Alitakiwa mtu ambaye damu yake inapatana na yangu. Shangazi alipimwa, haikufaa. Majirani walipimwa, hazikufaa. Akaja Mdoe mbio kutoka karakana yake, vumbi la mbao kichwani, na yake ikapatana.

Bernardo aliona ajabu kuwa Mdoe hakunyoosha mkono mara moja. Aliuliza kama hakuna mtu mwingine. Akaambiwa hakuna, na muda hakuna. Akasema ni afadhali niwe dada yake aliye hai kuliko mchumba wake aliyekufa, akakunja shati. Bernardo ni mtoto wa watu waliokuja kukata mkonge kutoka mbali, mambo yetu hayajui, akadhani Mdoe anaweweseka kwa kuogopa sindano. Mimi nilielewa, nikalia mbele ya watu.

Na wewe umeelewa. Unakumbuka baba alivyochanjiana damu na yule rafiki yake wa Magoma, na mtoto wa rafiki huyo alipomtaka dada yetu mkubwa bibi akakataa, akisema damu zimekwisha changanyika, hao ni ndugu. Mdoe amelelewa katika hayo hayo. Alitoa damu yake akiamini kwamba ananipoteza. Alipomwambia mshenga posa ipumzike hakutaja sababu, asije akaonekana anadai shukrani. Mimi alikuja kunitazama mara moja, akasimama mlangoni, akaniita dada. Iliniuma, kaka, siwezi kukuficha. Namtaka Mdoe, na sasa namtaka zaidi.

Nimekwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Amesema kinachoharimisha ndoa ni maziwa ya kunyonya, damu ya hospitali haimo. Nikampelekea Mdoe habari kwa mdomo wa shangazi. Amejibu kwamba dini ameisikia, lakini hataingia nyumba ambayo bibi atamwona ameoa dada yake. Anangoja neno la Chanika.

Kwa hiyo kaa na bibi, umwulize kwa upole, maana mila hii anaijua kuliko sisi. Watu wakichanjiana, hawachanjwi wote wawili? Kila mmoja hali ini la kuku lenye damu ya mwenzake? Na kila mmoja haapi kwa kinywa chake, watu wakisikia? Mdoe alitoa, mimi sikumpa hata tone. Kuku hakuwapo. Na mimi sikuapa, nilikuwa nimelala sijitambui. Mwambie bibi nimeuliza, huo ni undugu gani wa mtu mmoja?

Kabla ya hayo yote mpe shikamoo yangu, usimpe mwishoni. Wifi na watoto nisalimie kila mmoja kwa jina lake, na Mzee Mhina mwambie asichoke na njia. Na bibi akisema kwamba kilichobaki ni kiapo tu, mjibu kuwa sasa niko macho, akili zangu ninazo, shangazi yuko hapa anasikia, na siapi.

Mdogo wako akupendaye,
Zuena