Jezi Zetu Zimegeuka Rangi, Kocha

Kocha,

Tumebaki. Nimeanza na hiyo kwa sababu ungenikata maneno: "Matokeo kwanza, hadithi baadaye." Moja kwa sifuri. Timu yetu ya Kinama haishuki daraja, vijana hawatawanyiki, na mi sauti imekwisha kabisa. Ndiyo maana naandika.

Sasa hadithi. Unajua sheria yako, tangu ukiwa kapiteni mwenyewe: kapiteni ndiye anafua jezi za timu nzima. Uliponipa ukapiteni nilifua nikinung'unika, na we ukipita unasema, "Fua, mutoto. Utajua nani amekimbia na nani alikuwa anatembea." Ulipotutoka niliachiwa timu, na ukapiteni nikampa Dieudonné, yule beki mrefu uliyemwitaga Nguzo.

Juzi mke wako, Mama Gloria, alimletea kitambaa chako cha ukapiteni, kile chekundu alichokushonea kwa kitenge chake. Dieudonné akalia mbele ya watu. Halafu, kwa heshima tu, akaona kina vumbi, akakitia kwenye beseni pamoja na jezi nyeupe.

Unacheka, eh? We ulikifuaga peke yake, kwenye kibeseni kidogo nyuma ya nyumba, na hukutaka mtu akiguse. Sisi tulisema ni maringo. Kumbe kinachuja rangi, Kocha! Si ungesema?

Asubuhi ya mechi jezi zote ziko kwenye kamba, pinki kama pipi. Nilitaka kumnyonga, Mungu anisamehe. Zingine hatuna. Tulipofika uwanjani washabiki wa wale wengine wakatupokea, "Muko munaenda harusini?" Vijana wakaingia wameinamisha vichwa, na kipindi cha kwanza miguu ilikuwa imekufa. Bila bila. Na sare ilitosha kutushusha, unajua mwenyewe timu ikishuka hapa kwetu inakwisha hivyo hivyo.

Mapumziko nilitafuta maneno yako, sikuyapata. Nikamshika tu Dieudonné mkono, nikaweka kitambaa juu ya jezi yake, nikawaambia, "Angalieni hii rangi imetoka wapi. Leo Kocha amewavalisha wote."

Dieudonné akajiangalia kifuani, akasema polepole, "Basi leo tuko makapiteni kumi na moja."

Ungewaona, Kocha. Ungewaona wakitoka pale! Hata kipa wetu mvivu alikuwa anapigania mpira kama umetoka nyumbani kwao. Karibu mwisho tukapata kona, Nguzo akapanda, akapiga kichwa, ndani. Nilianguka kwenye majani, nikaliita jina lako mbele ya refa. Halafu nikageuka nikukumbatie, kama zamani. Mahali pako kwenye benchi hapakuwa na mtu. Nikalia hapo hapo huku nacheka, sikujua nianze na lipi.

Mama Gloria anasema atazitia dawa ya kung'arisha, zirudi nyeupe. Nimemwambia apana, Mama, tafadhali. Amecheka, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Basi pumzika, Kocha wangu, kazi yako tumeishika. Na ninakuahidi hivi: msimu mpya ukianza tutanunua jezi nyeupe, na kapiteni atazifua beseni moja na kitambaa chako.

Mutoto wako,
Fidele