Mgombea Amtunzaye Mama

Larkin Gap, Alhamisi, katikati ya Oktoba

Mdogo wangu Garth,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Kendra na watoto. Natumaini nyote hamjambo. Wewe najua hujambo, kwa kuwa nakuona kila ninapokwenda dukani: umebandikwa kwenye uzio wa ghala la nafaka, umekunja mikono ya shati, meno yote nje. Sisi huku tunaendelea. Mvua imewahi mwaka huu na ngano imeshachipua upande wote wa kilimani. Emmett, aliyekodi shamba, anasema akipata theluji ya kutosha hatalalamika, na wewe unamjua Emmett, hajawahi kumaliza mwaka bila kulalamika. Mama naye yupo. Sukari inapanda na kushuka, hamu ya kula anayo, na ulimi wake ni mzima kuliko viungo vyake vingine vyote.

Nilikusudia kukuandikia barua ya kistaarabu. Nimeshaianza na kuichana zaidi ya mara moja. Hii naiandika nikiwa na hasira zangu na sitaichana, kwa hiyo nivumilie kama mimi ninavyokuvumilia.

Kijitabu cha wapiga kura kimefika. Posta wamekitia katika kila sanduku la barua, tangu hapa kwetu hadi huko kwenu ng'ambo ya mlima. Nikajimiminia kahawa, nikakaa jikoni, nikasema ngoja nimsome mdogo wangu, maana si kila siku mtu wa nyumba hii anagombea kwenda bunge la jimbo huko Olympia kututungia sheria. Moyo ulikuwa umenijaa fahari, Garth. Nakwambia hivyo ili ujue nilianzia wapi.

Historia yako imeanza vizuri. Umezaliwa katika shamba la ngano, mtoto wa Wanorwe waliolima mteremko ambao wengine waliukimbia. Kweli kabisa. Kisha ukasema ulianza kuendesha mashine ya kuvuna ukiwa na miaka kumi. Wewe! Vumbi la ngano lilikuwa likikuvimbisha macho mpaka Baba akakupiga marufuku kusogea shambani. Msimu mzima wa mavuno ulikuwa umelala kwenye kochi, kitambaa cha maji baridi usoni, ukiitia Mama akubadilishie. Aliyekuwa juu ya mashine ni mimi. Lakini hapo nilicheka tu. Nikasema siasa hizi, mwache ajipambe kidogo.

Nikasoma misimamo yako. Barabara ya mlimani ipanuliwe: nakuunga mkono, majira ya baridi yaliyopita tulizika watu wawili waliokufa kwenye ile kona. Mabwawa ya mto yasibomolewe: nakuunga mkono, maji yakipungua, matishari ya ngano yetu yatashuka vipi kwenda bandarini? Kodi ya ardhi ipunguzwe: nani atakataa? Nilianza kukuona mtu wa maana.

Ndipo nikafika pale penye huduma kwa jamii. Umeandika: mtunzaji wa mama yake mzazi. Na chini yake umeahidi kwamba ukichaguliwa, sheria ya kwanza utakayoipeleka bungeni ni ya kufuta utaratibu wa jimbo kuwalipa watu wanaowatunza wazazi wao nyumbani. Eti upendo wa familia haufanyiwi kazi kwa mshahara. Eti wewe mwenyewe ni ushahidi, kwa sababu mama yako anatunzwa nyumbani na hajamtegemea mtu wa serikali hata siku moja.

Nilisoma tena nikidhani nimeruka mstari. Sikuwa nimeruka kitu.

Garth, anayemtunza Mama ni mimi, na anayenilipa ni jimbo. Unajua fika. Ulikuwepo siku nilipoacha udereva wa basi la shule na kurudisha funguo, na ukanipiga begani ukasema nimefanya jambo la maana. Malipo yenyewe hayanitajirishi, yanatosha tu kutuweka chini ya paa hili. Ukiyafuta, mimi narudi kwenye basi kama watanipokea, na Mama anapelekwa nyumba ya wazee huko mjini, kwa sababu hawezi kukaa peke yake kuanzia asubuhi hadi jioni. Hakuna njia nyingine, nimeitafuta. Mwanamke aliyeingia nyumba hii akiwa bibi harusi, na ambaye kitu pekee anachotuomba ni kwamba atoke humu akiwa maiti, wewe unamtoa kwa mstari mmoja wa kijitabu.

Halafu ile picha! Umeweka picha ya maonyesho ya wilaya, wewe unasukuma kiti cha magurudumu, Mama amevaa blauzi nyekundu uliyomletea ili aonekane vizuri. Picha nzuri, wala sikatai. Ila imekatwa magotini. Ingeshuka chini kidogo, watu wangeona kwamba hukujua vile vikanyagio vya kiti vinakunjuliwa. Ulimsukuma kutoka banda la ng'ombe hadi banda la keki huku kisigino chake kinakwaruza kokoto, na yeye hakusema neno kwa sababu mpiga picha alikuwa anawaambia mtabasamu. Ukaondoka kabla ya saa sita, una mkutano. Mimi nilikiona kidonda jioni nilipomvua soksi. Kwa mtu wa kisukari kisigino si mzaha. Nilikisafisha na kukifunga tangu Agosti mpaka Emmett alipomaliza kupanda. Hukuuliza. Ungeulizaje, na hujui?

Nikakupigia simu. Naamini unakumbuka, ingawa ulikuwa unaongea na mimi na watu wengine kwa pamoja. Uliniambia, "Dada, hizo ni siasa tu, usizitie moyoni. Sikukusema wewe, nawasema wale wanaodanganya." Nikakuuliza sheria yako itatujuaje sisi tusiodanganya. Ukasema mambo hayo yatarekebishwa kwenye kamati. Nikauliza je, Mama? Ukasema, "Mama hatapata taabu, mimi si nipo?" Kisha ukasema kuna mtu mlangoni, ukakata. Nikaiweka simu, nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Kijitabu chako nilimficha Mama. Nilikitia nyuma ya unga, nikamwambia hakijafika. Sikutaka auone moyo wa mtoto wake kwa maandishi. Wiki iliyopita alikuja afisa wa ustawi wa jamii, Marisela, yule anayepima Mama anahitaji saa ngapi za kusaidiwa. Siku ya kupimwa Mama hujipaka rangi ya mdomo. Akiulizwa kama anaweza kuoga mwenyewe, anasema, "Naoga, napika, na ukitaka nitacheza dansi." Mimi nasimama nyuma yake natikisa kichwa kama mwehu. Marisela amemzoea, alimwomba asimame amletee picha moja iliyo ukutani, Mama akaitazama picha, akasema leo hana hamu ya kusimama. Tukacheka sote watatu. Wakati wa kuondoka Marisela aliniambia mlangoni kwa sauti ya chini kwamba sheria yako ikipita, hatakuwa na sababu ya kuja tena kwetu. Akaniuliza kama mgombea huyu ni ndugu yetu, au ni jina tu limefanana. Nilitamani kusema limefanana.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumanne. Nilimleta Mama huko kwenu, hospitali ya macho. Hukujua kwa sababu hatukukwambia, tulishachoka kuambiwa una mkutano. Muuguzi aliposoma jina akachangamka. "Haugstad? Wewe ndiye mama yake Garth! Nimemsoma kwenye kijitabu. Una bahati, mama, siku hizi wako wapi watoto wa kiume wa kumwogesha mzazi?" Akanigeukia mimi niliyeshika koti na pochi, akauliza kwa upole, "Na wewe dada, ndiye mfanyakazi wake?"

Mimi, Garth, mfanyakazi! Mama ndiye aliyejibu. Alimwambia muuguzi, "Huyu ni binti yangu. Huyo wa kuniogesha bado namsubiri afike."

Tukirudi, tulipokaribia kilele cha mlima, akaniambia tukifika nyumbani nimtolee hicho kijitabu popote nilipokificha, na nisijitie sijui. Nilimsomea mezani, nikamsomea tena. Kwenye mashine ya kuvuna alicheka mpaka akakohoa. Kwenye mtunzaji hakucheka. Akawa anaikunja na kuikunjua leso, nami nikaanza kukutukana kwa niaba yake, maneno mengine siwezi kuyaandika. Akanikataza. Alisema, "Wewe ukienda kumpigia kelele atakusikiliza kama anavyokusikiliza siku zote. Nifungashie nguo. Mimi sitampigia kelele. Mimi nitakwenda kukaa."

Ndiyo, mdogo wangu. Mama anakuja kwako. Mchungaji atamleta kwa gari la kanisa, lile lenye lifti ya kiti, Jumapili baada ya ibada. Najua Jumapili una wageni wa kampeni wanaokuja kunywa kahawa. Mama naye anajua, ndiyo maana ameichagua. Atakaa kwako mpaka kura zihesabiwe.

Nilibishana naye, usidhani sikubishana. Nilimwambia atateseka. Akanijibu kwamba ameshawahi kulala na mbuzi wagonjwa zizini. Nilimwambia utaona haya kumvua nguo. Alikasirika kweli. "Nilimsafisha mimi na homa zake na macho yake yale, leo yeye ndiye aone haya?" Na acha nikuungamie jambo moja, kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia: alipokwisha sema hivyo, nilifurahi. Nilifikiri juu ya kulala usiku mzima, nikafurahi, kisha nikaenda chooni nikalia kwa kufurahi kwangu. Sijui kama utaelewa. Labda ukimaliza wiki moja utaelewa.

Kwa hiyo zingatia. Usimnyanyue kwa kumvuta mikono, utamtegua bega. Mkumbatie kwa chini ya kwapa, magoti yako yakiwa yamekunjwa. Usiku mgeuze, amka umgeuze tena, la sivyo utaona vidonda vya mgongoni. Sukari mpime kabla hajala, na akikwambia ameshapimwa ni uongo. Anapenda uji wa shayiri na zabibu kavu. Zabibu mpe chache, atadai zaidi, atakwambia mimi humpa nyingi. Huo pia ni uongo. Akikwambia hana haja ya kwenda msalani, mpeleke. Maji ya kuoga yasiwe moto, ngozi yake imekuwa laini, inachubuka. Kisigino kitazame kila siku, tafadhali, kila siku. Na vikanyagio vya kiti vinakunjuliwa kwa nje.

Usimwajiri mtu. Mama amesema akiona sura ya mgeni imeshika sifongo atapiga simu kwa gazeti lenu, na namba anayo. Wala usinipigie mimi. Emmett ananipeleka kwa shangazi kuoka mikate ya viazi ya mnada wa kanisa, na huko kwenye bonde simu haishiki. Malipo ya siku hizo Marisela nimemwambia ayasimamishe. Wewe hutalipwa kitu, si unajua, upendo wa familia haufanyiwi kazi kwa mshahara.

Sikuchukii. Nilitaka kukuchukia, ingekuwa rahisi zaidi. Nimekasirika kwa sababu ungeweza kuandika ukweli na bado ukawa mgombea mzuri: kwamba mama yako anatunzwa na dada yako, na jimbo linamsaidia, na nyinyi nyote wawili mnalala mkijua yuko salama. Ungeandika hivyo ningekubandika hata mgongoni mwangu nitembee nawe mtaani.

Nisalimie watoto, waambie bibi yao anakuja na hadithi zote ambazo baba yao hakuwasimulia. Kendra mwambie akunje zulia la ukumbini, magurudumu hayapiti. Emmett naye anakusalimu, ingawa ameomba nisiseme anakusalimu.

Nilikuwa nafunga barua Mama akaniita niongeze hili lake. Karatasi yake ya kura imeshaletwa na posta. Nilimpa kalamu jana, akaisukuma. Ameitia ndani ya pochi na bahasha yake ya kuirudishia kwa posta, haina alama yoyote. Amesema uwe na kalamu nyeusi, kwa kuwa ataijaza mezani kwako Jumatatu asubuhi, ukishamaliza kumwogesha.

Ni mimi dada yako,
Dorene